Filimbi ya Kuacha

Olimpiki ya mwaka ule niliitazama nikiwa nyuma ya cherehani. Dirisha la banda la video lilikuwa ubavuni mwangu, halina kioo wala wavu, kwa hiyo nilishona sare za shule huku jicho moja liko Ugiriki. Sindano ilinichoma vidole mpaka wateja wakalalamikia madoa ya damu kwenye kola.

Banda lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada, pale Bariadi, nyuma ya barabara ya malori ya pamba. Ilikuwa miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimebaki jina na kufuli mlangoni, na kila msimu walikuja wanunuzi wapya na mizani yao. Shemeji aliwapimia, na alichokipata kikarudi nyumbani kwa sura ya televisheni, dishi na jenereta. Mimi nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Lingeka kuja kujifunza ushonaji, nikawa nakaa kwao.

Niseme wazi kwamba shemeji nilimpenda kwa mazungumzo yake. Kuna watu wabaya ambao hata hadithi hawana, lakini yeye alikuwa nazo za kutosha wilaya nzima. Mpira wa miguu aliudharau. Alisema mpira kila mjinga anaujua, na mtu akitaka kupima akili yake atazame mchezo asioujua kisha autafutie sheria zake mwenyewe. Dishi lilikuwa linakamata kituo cha Kifaransa. Hakuna aliyejua neno moja, shemeji akiwemo, lakini alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akatufasiria bila aibu.

Kwa njia hiyo tulijifunza michezo ambayo wazazi wetu wasingeamini kuwa ipo. Kulikuwa na ule wa kuogelea, kutoka majini ukirukia baiskeli, kisha kuitupa baiskeli ukakimbia kwa miguu. "Huyo ni mtu wa Nassa, kule ziwani, kaibiwa ndama," alisema shemeji, na banda zima likacheka mpaka chai ikamwagika. Kulikuwa na ule wa kurukaruka juu ya turubai, na mzee mmoja mfugaji akauliza yule binti anaadhibiwa kwa kosa gani. Walipokuja wale wanaojirusha majini wawili wawili, miili yao ikipinduka pamoja, watu walishikilia kwamba lazima ni mapacha, wakaanza kubishana kama wazazi wao walifanyiwa mila ya mapacha au tunajitafutia mkosi kwa kuwatazama. Mimi nilibisha kupitia dirishani. Shemeji alipenda nikibisha. Alisema mimi ndiye mtu pekee mwenye macho katika nyumba yake.

Dada hakubisha. Alisimama mlangoni akipokea kiingilio na kumimina chai, kichwa ameinamisha upande mmoja, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilikufa kwa kofi. Watu wa pale walijua, na mimi nilijua, na kila aliyenunua chai alijua azungumze upande upi.

Kisha ikaja mieleka ya wanawake. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingizwa Olimpiki, na banda halikuwahi kujaa vile. Watu waliacha pamba kwenye mizani. Walikuja kucheka, nadhani, lakini ndani ya muda mfupi hakuna aliyecheka. Wale wanawake walikuwa wanashikana kama watu wanaotaka kuuana. Mmoja wa bluu alimwingia mwenzake wa nyekundu chini ya kwapa, akamkamata mguu, akamtupa, na kishindo kikatoka kwenye spika hadi bati likatetemeka. Wafugaji waliokuwa mbele walijua walichokiona. Hivyo ndivyo unavyomlaza dume wakati wa kumchanja: mguu wa nyuma kwanza, kisha uzito wako wote shingoni.

Ugomvi wa kwanza ulizuka hapo hapo. Kwetu vijana wakichunga wanapigana mieleka, na sheria ni moja, aliyeanguka ameshindwa. Sasa yule wa nyekundu alikuwa ameanguka, na bado anapigana. Watu wakasema ni wizi. Mwingine akasema Wazungu hawana haya. Aliyekaa benchi la nyuma akampiga wa mbele yake ngumi ya kisogo, na shemeji akalazimika kuzima televisheni ili tusikilizane.

Shemeji ndiye aliyegundua. Alisema tuangalie mabega. Mtu akianguka kwa magoti, kwa ubavu, kwa tumbo, bado yumo. Anakuwa amekwisha pale mabega yote mawili yanapogusa chini pamoja. Ndiyo maana yule wa chini anajikunja vile, kisogo chini, nyayo chini, mgongo umeinuka katikati. Anajifanya daraja. Anaweza kukaa hivyo mpaka shingo ivunjike, na akikaa hivyo hajashindwa.

Kilichomfurahisha zaidi ni mwamuzi. Alikuwa mwembamba, filimbi mdomoni, na wanawake wale wenye nguvu, damu zikiwatoka puani, akipuliza tu wanaachiana. Shemeji alilirudia jambo hilo siku nzima. Alisema huo ndio ustaarabu: hasira zimekupanda, umemkamata adui yako shingo, filimbi inalia, unaacha.

Dada alikuwa anamimina chai. Alisema, bila kumtazama mtu, "Kwetu filimbi ikilia watu wanaanza."

Kila mtu alicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Kwetu filimbi ni ya sungusungu, jeshi la jadi linalolinda ng'ombe na watu. Mmoja akipuliza, au akipiga mwano, lile yowe refu la hatari, kila mwanamume anayelisikia anatoka na rungu alilonalo. Asiyetoka anaadhibiwa. Hakuna kuuliza kwanza. Unakimbilia sauti, na ukikuta mtu anakimbia, basi huyo ndiye mwizi.

Siku moja wakati wa mieleka ile nilitoka kwenda kuchukua pasi ya mkaa nikamkuta dada peke yake jikoni, amelala chali kwenye mkeka. Nilidhani amezimia. Kumbe alikuwa amekanyaga nyayo, anasukuma kisogo, mgongo unapanda kidogo na kushuka. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajaribu tu. Akainuka, akajifuta vumbi la kisogoni, akarudi kwenye birika lake.

Yaliyofuata yalisababishwa na spika. Shemeji alikuwa ameining'iniza nje, juu ya ukuta, ili hata waliokuwa mbali wajue kuna mchezo. Jioni ya mechi za mwisho aliifungulia sauti yote. Saa za Ugiriki zilikuwa sawa na zetu, jua halijazama. Wanawake wawili wa mwisho waling'ang'aniana, mwamuzi akapuliza, akapuliza tena, na umati wa kule ukapiga yowe kubwa. Kutoka ndani lilikuwa jambo la furaha. Kutoka nje, kwa mtu aliyekuwa shambani au kwenye mnada, ilikuwa filimbi ya sungusungu na nyuma yake mwano.

Walikuja kutoka pande zote. Niliwaona mimi wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nje, na sikupata muda hata wa kuondoa mguu kwenye cherehani. Marungu, fimbo, panga moja moja, vifua wazi, pumzi zinawatoka kwa kasi. Walizingira banda wakiuliza yuko wapi. Ndani watu walisikia vishindo wakaogopa. Muuza karanga, kijana mpole aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa nyuma na sinia lake, aliona rungu likiingia naye akatoka mbio.

Kwetu anayekimbia ndiye. Walimkamata kabla hajavuka mtaro. Nilisikia mkono wake ukivunjika, sauti ndogo kavu, na karanga zimetapakaa, na wanaume wanazikanyaga wakitafuta nafasi ya kupiga. Alikuwa akiuliza ameacha wapi sinia lake. Aliuliza hivyo mara kadhaa, kama vile sinia ndiyo shida.

Filimbi ya televisheni ndiyo iliyomwokoa. Ililia tena, juu ya vichwa vyao, na wote wakageuka kuitafuta. Kamanda wao, mtu mfupi mwenye filimbi yake halisi shingoni, aliitazama ile spika kwa muda mrefu. "Gashi," alisema, yaani kumbe. Wengine walianza kucheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameaibika, na aibu ya mtu mwenye rungu ni jambo la kuogopwa.

Mwano wa uongo una adhabu yake. Shemeji alijieleza vizuri, alikuwa hodari wa kueleza, alisema kuhusu Ugiriki na mwamuzi na satelaiti. Kamanda alimsikiliza, kisha akaamuru alale chini. Alilazwa kifudifudi mbele ya wateja wake, kati ya mabenchi, akachapwa viboko huku nyuma ya mgongo wa mchapaji, kwenye televisheni, mwanamke mmoja anavishwa medali. Hakulia. Aligeuza uso upande wa mlango, na mlangoni alikuwepo dada na birika. Nilimwona akimtazama. Nikajua, jinsi unavyojua mvua itakuja, kwamba viboko vile vyote vitahamia kwingine.

Vilihamia usiku ule ule. Sitaeleza yote. Alitumia mkanda, kisha akatumia mikono. Alimshika dada kama walivyoshikana wale wanawake, kwapa, mguu, chini, na akawa anataja majina ya mishiko aliyoitunga mwenyewe bandani, kwa sauti ile ile ya kuchekesha. Nilipiga kelele. Nyumba ya pili taa ilizimwa. Mama mwenye nyumba ile, mtu wa kanisani, ambaye kila asubuhi tuliamkiana "mwangaluka" kwa upendo kabisa, aliniambia kesho yake kutoka upande wa pili wa ua kwamba mwano haupigwi kwa mambo ya chumbani. Aliyasema kwa huruma, kama anayenifundisha adabu ya mjini. Nilitaka kumtemea mate, na mpaka leo nasikitika kwamba koo lilikuwa kavu.

Lakini neno nililolishika ni la shemeji. Akiwa amechoka, amekaa kitandani anapumua, alimwambia dada, "Siku moja nitakumaliza, na hakuna atakayekuja." Hakuwa na hasira tena alipolisema. Alilisema kama alivyokuwa akitufasiria Kifaransa, kwa uhakika wa mtu ambaye hakuna wa kumsahihisha.

Nilimwambia dada twende Lingeka. Akasema ng'ombe wa mahari walishagawanywa kwa kaka zetu, nani atawarudisha. Nikamwambia basi twende popote. Akasema acha msimu wa pamba uishe. Akawa anapika, anapokea kiingilio, leso imefungwa shingoni kuficha alama. Mimi nikawa nalala nje ya mlango wao kwenye mkeka, nimekumbatia mkasi wa kukatia vitambaa.

Bandani mambo hayakuwa yale tena. Spika ilikuwa imeshushwa. Watu walikuja, lakini sasa shemeji akifasiri, wengine walitazamana. Siku za mwisho za Olimpiki walionyesha wale wanaopigana kwa mateke wamevaa kofia ngumu, mchezo ambao nao ulikuwa mgeni kwetu, na mzee mfugaji akauliza wanahesabuje pointi. Shemeji akaanza kueleza. Mteja mmoja wa nyuma akasema tusimsumbue bwana huyu, yeye mchezo wake ni wa kulala chini bila kupigana. Banda lilicheka. Lilicheka kicheko kile kile lilichocheka kwa mtu wa Nassa na ndama wake.

Shemeji aliweka kipaza sauti juu ya televisheni polepole, akatoka. Nilikuwa nimefumua upindo wa sketi. Nilimwona anavuka barabara kuelekea nyumbani, na hakuwa akikimbia. Dada alikuwa nyumbani anakatakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nikaiacha sketi, nikafuata.

Nilipofika mlangoni, viazi vilikuwa vimesambaa chini na kisu kiko mbali, chini ya kabati. Shemeji alikuwa juu yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa shingoni. Na dada, nisamehewe, jambo la kwanza nililoliona ni mabega yake. Hayakuwa chini. Alikuwa amekanyaga nyayo, kisogo kimejikita kwenye sakafu, mgongo umeinuka na ule uzito wote wa mwanamume juu yake, uso umekuwa rangi ya maini. Mishipa ya miguu ilikuwa inatetemeka. Alikuwa daraja.

Nilimvuta shemeji shati, likachanika. Nilimpiga na mche wa kinu mgongoni. Alinipiga teke la mdomo, jino likanitoka, nikaanguka hadi uani. Basi nikasimama pale uani, damu inatiririka kidevuni, nikapiga mwano.

Sikuwahi kuupiga kabla. Unatoka tumboni, hauna neno ndani yake, unapanda na unakatika na unapanda tena. Nilisikia mabati yakigongwa mtaa wa pili, halafu miguu. Waliokuwa bandani walifika kwanza kwa sababu walikuwa karibu, na kamanda alikuwa kwenye mizani ya pamba hapo jirani. Muuza karanga naye alikuja, mkono umefungwa na kitambaa nilichomshonea mimi. Walijaa mlangoni na marungu yao, wakaona ni nani na nani, wakasimama.

"Mayu," kamanda aliniambia, yaani mama, kwa heshima kabisa, "hii ni nyumba ya mtu na mkewe. Umetuitia nini?"

Nyuma yake nilikuwa naiona miguu ya dada. Ilikuwa imeanza kuteleza.

"Juzi mlikimbilia wanawake wa kwenye televisheni," nilisema. "Huyu ni wa kwenu."

Sijui ni wangapi walielewa. Najua muuza karanga alielewa. Alipita chini ya mkono wa kamanda, akaokota jiwe la kusagia kwa mkono wake mzima, akampiga shemeji nalo nyuma ya sikio. Baada ya hapo hakuna aliyezuia tena. Walimtoa juu ya dada kama unavyomtoa fisi juu ya mbuzi, wakamburuta uani, na marungu yakaanza. Nilikuwa nataka wampige. Sitasema vinginevyo. Nilisimama pale na jino langu kiganjani nikihesabu kwa furaha, ingawa nilipoteza hesabu mapema.

Dada alitambaa. Alitoka mlangoni kwa mikono na magoti, anakohoa, hana sauti, akapita katikati ya miguu ya watu mpaka kwa kamanda. Alijivuta juu kwa kushika suruali yake, akaikamata ile filimbi iliyokuwa ikining'inia kifuani, akaipuliza. Aliipuliza kifupi, kwa nguvu, kama yule mwamuzi mwembamba.

Watu wa bandani waliacha. Naapa waliacha. Marungu yalibaki hewani, mmoja hata alirudi nyuma hatua na kuweka mikono kando kama wanavyofanya kule Ugiriki. Walikuwa wamefundishwa na shemeji mwenyewe. Yeye alikuwa chini, amelala ubavu, jicho moja limefumba, na jingine linamtazama dada, na nadhani aliielewa filimbi ile kuliko sisi sote. Nilisikia jenereta la bandani likikohoa.

Halafu tukasikia miguu. Filimbi ilikuwa imefika mnadani, na kwenye malori, na kwa wachungaji waliokuwa wakirudisha mifugo, watu ambao hawakuwahi kuingia bandani hata siku moja. Waliruka ua kutoka pande zote. Waliona watu wamesimama na mmoja amelala ana damu, wakajua yupi. Kamanda alipaza sauti akisema "yaya, yaya", yaani hapana, lakini kelele za mwano zilishammeza. Kazi haikuchukua muda.

Polisi walikuja kesho yake. Hakuna aliyeona. Mama wa nyumba ya pili alisema alikuwa kanisani. Ndugu za shemeji walimchukua wakamzika kwao Kimali, na kwa mahari hakuna aliyedai, maana hakuna aliyetaka kuongea.

Sasa tunaishi Nassa, dada na mimi. Yeye analima mpunga, mimi bado nashona. Kila Olimpiki ikija tunatazama pamoja, na bado tunapenda michezo ile isiyojulikana. Tumeona wanawake wanapigana ngumi, watoto wanaruka na vibaiskeli, watu wanapanda ukuta kama mijusi. Siku hizi dada anabisha kuliko mimi. Mieleka ikianza anahamisha kiti, anakaa sikio lililokufa limeelekea televisheni, na anatazama mpaka mwisho bila kusikia filimbi.

Sijawahi kumuuliza siku ile alipuliza ipi, ya kuacha au ya kuita. Watu wa bandani walisikia ya kuacha. Lakini yeye ndiye aliyesema kwamba kwetu filimbi ikilia watu wanaanza, na alilisema akiwa na akili zake timamu, birika mkononi.